Neno "Lassen" na Kosa la Mfasiri

Mwaka jana, baada ya mavuno, mzee mmoja wa kijiji chetu alitujia nyumbani jioni akiwa na kikasha cha bati. Ndani ya kikasha mlikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa cheti cha kazi kilichoandikwa kwa Kijerumani, ambacho wazee wetu walikiita Kidachi, kwa mwandiko ule wa kale wa Wajerumani wenye herufi zilizochongoka kama miiba. Cheti hicho alipewa babu yake mwaka 1912, alipoondoka katika kazi ya upishi kwenye shamba moja la mkonge upande wa Tanga. Karatasi ya pili ilikuwa tafsiri yake kwa Kiswahili, nayo iliandikwa na karani mmoja yapata miaka arobaini baadaye. Katika tafsiri hiyo mlikuwa na maneno haya: "Sikupendezwa naye, nikamfukuza."

Mzee akatuambia, "Mwalimu, maneno haya yameingia katika ukoo wetu tangu sijapata akili. Kila penye ugomvi wa shamba au wa mahari, wale wa nyumba kubwa hutuita wajukuu wa aliyefukuzwa na Mdachi. Mimi sijui Kidachi. Nawe umekisoma. Hebu nisomee wewe."

Tulivaa miwani tukaisogeza taa. Ilituchukua muda mrefu kuutambua mwandiko, lakini mwisho tuliyapata maneno sita ambayo karani aliyageuza hivyo. Yalikuwa haya: *Ich habe ihn ungern gehen lassen.*

Wasomaji wapenzi, twasema wazi tangu mwanzo kwamba tafsiri ile ni mbaya. Walakini haitoshi mtu kusema kazi ya mwenzake ni mbaya kisha akaenda zake. Yampasa aonyeshe ubaya uko wapi na umetoka wapi. Kosa lenyewe limetoka katika neno moja tu, neno la mwisho, *lassen*, ambalo Wajerumani hulitumia kila siku, na ambalo vitabu vidogo vya kujifunzia hulipitia kwa haraka mno. Sisi wenyewe tulipofundishwa lugha ile na mwalimu wa misheni, tuliandika katika daftari: "lassen, kuacha," tukageuza ukurasa. Miaka mingi ilipita kabla hatujajua kwamba tulikuwa tumeandika robo tu ya neno.

Kwanza tulitazame umbo lake, nasi hatutakawia hapo. Wakati uliopo husemwa *ich lasse, du lässt, er lässt, wir lassen, ihr lasst, sie lassen*. Mtaona kwamba "wewe" na "yeye" wana umbo moja, *lässt*, kwa sababu shina la neno limekwisha kwa *s*, na ile *s* ya nafsi ya pili imemezwa humo. Kwa hiyo Mjerumani hawezi kuiacha nafsi nje kama tufanyavyo sisi, ambao nafsi yetu imo ndani ya kitenzi chenyewe. Wakati uliopita ni *ich ließ*, na amri ni *lass!* kwa mmoja na *lasst!* kwa wengi. Atakayesoma vitabu vya zamani ataona *läßt* na *laß*, kwa herufi ile inayofanana na B yenye mkia. Si kosa la mpiga chapa. Kanuni mpya za kuandika zilikubaliwa mwaka 1996 na kuanza kazi mwaka 1998, nazo ziliamuru kwamba baada ya irabu fupi iandikwe *ss*, na baada ya irabu ndefu ibaki *ß*. Ndiyo sababu *lässt* imebadilika, lakini *ließ*, ambayo irabu yake huvutwa, imebaki kama ilivyokuwa. Hayo ndiyo majedwali husema, na husema vema. Mwanafunzi aweza kuyakariri yote kwa juma moja bila kosa, na bado asiweze kukifasiri cheti cha mpishi.

Maana jedwali huonyesha jinsi neno linavyovaa. Halisemi linafanya kazi gani. Na *lassen* ni mtumishi wa kazi nyingi.

Kazi yake ya kwanza ndiyo ile tuliyoiandika katika daftari, yaani kuacha kitu mahali. Mtu akiuliza *Wo habe ich meine Brille gelassen?* auliza, "Miwani yangu nimeiacha wapi?" Mtoto akichokozwa na mwenzake hulia *Lass mich!*, yaani "Niache!" Hapa hapana shida, kwa kuwa "acha" na *lassen* hutembea pamoja kama ndugu. Hutembea pamoja hata hatua ya pili, ile ya kuruhusu. Sisi twasema "mwache aende," nao husema *lass ihn gehen*. Na katika makanisa ya Wajerumani mtasikia *Lasst uns beten*, ambapo sisi twasema "Na tuombe." Kiswahili hakihitaji neno la pili hapo, kwa kuwa ile *e* ya mwisho imebeba ruhusa na mwaliko vyote viwili.

Hatua ya tatu ndipo ndugu hawa wawili huachana. Mjerumani akisema *Ich lasse ein Haus bauen*, hana maana kwamba ameacha nyumba ijengwe mbele ya macho yake naye akanyamaza. Maana yake ni kwamba anawaita mafundi, anawaagiza, anawalipa, nao wanamjengea. Akisema *Ich lasse mir die Haare schneiden*, amekwenda kwa kinyozi. Sisi kwa desturi yetu husema "nimejenga nyumba" na "nimenyoa nywele," ijapokuwa mikono yetu haikushika mwiko wala wembe, wala hapana jirani atakayetuita waongo. Wajerumani nao kwa habari ya nyumba husema vivyo hivyo mara kwa mara, lakini kwa habari ya nywele wao ni wakali: asemaye *Ich schneide mir die Haare* amesimama mbele ya kioo na mkasi mkononi mwake mwenyewe. Tuliwahi kusema hivyo mbele ya mgeni mmoja, naye akatutazama kichwani kwa huruma nyingi.

Basi *lassen* huyu wa tatu afanana na silabi yetu ya *-isha* au *-esha* mwishoni mwa kitenzi. Kwetu yatosha kuongeza silabi moja katika tumbo la neno. Kwao huletwa kitenzi kizima kisimame kando, na kile cha pili kikatupwa mwisho wa sentensi. Pia iko kazi ya nne, ambayo kwa maoni yetu ndiyo nzuri kuliko zote. Wakiongeza *sich*, yaani "nafsi yake," husema *Das Fenster lässt sich nicht öffnen*. Neno kwa neno ni kama kusema dirisha halijiachi lifunguliwe, kana kwamba ni punda mkaidi. Sisi twasema "dirisha halifunguki," na kazi imekwisha. Kadhalika *Das lässt sich machen* ni "latendeka." Mwanafunzi wa Kiswahili anayekiona Kijerumani kuwa kigumu na ajue kwamba silabi zetu mbili ndogo, *-isha* na *-ika*, hufanya kazi inayomtoa jasho *lassen*, na tena huzifanya bila kupiga kelele.

Lakini tusijisifu kupita kiasi. Silabi yetu ya *-isha* nayo ina kasoro ile ile ambayo tutamlaumu nayo Mjerumani. Tukisikia kwamba bawabu "alimpitisha" mtu mlangoni, je, alimwongoza apite, au alimwona akipita akanyamaza? Neno halisemi.

Hiyo ndiyo kasoro yenyewe, nasi twaomba wasomaji watuvumilie tukikaa hapa kidogo. Mtu akiandika *Er lässt die Kinder arbeiten*, Kijerumani kimeridhika. Sentensi ni kamili na haina doa. Lakini mfasiri wa Kiswahili hawezi kuendelea mpaka ameamua. "Awafanyisha watoto kazi"? Au "awaacha watoto wafanye kazi"? La kwanza lamfanya mtu huyo mwenye amri, pengine mwenye kiboko. La pili lamfanya mtu aliyeombwa na watoto wake wamsaidie shambani akakubali. Mbele ya baraza la wazee, watu hao wawili hawatahukumiwa hukumu moja. Mwingereza naye husimama hapa kama sisi, kwa kuwa yeye ana neno *let* kwa kuruhusu na neno *make* kwa kulazimisha. Maneno *let* na *lassen* yametoka katika shina moja la kale, lakini la Kiingereza limebaki kuruhusu tu, na la Kijerumani limeshika na kuamuru pia.

Si hivyo tu. *Er lässt den Sohn rufen* ina fumbo juu ya fumbo: mwana anaitwa, au mwana ndiye anayeita? Yote mawili yawezekana. Kijerumani kina maneno ya kuondoa shaka kwa yeyote apendaye kuiondoa. Kuruhusu ni *erlauben*, kulazimisha ni *zwingen*, kuamuru ni *befehlen*, na kuona jambo likitendeka bila kulizuia ni *zulassen*. Mwandishi aliyechagua *lassen* pasipo kitu kingine aidha anajua kwamba habari iliyotangulia imekwisha kumweleza msomaji, aidha hataki kuulizwa.

Tuna sababu ya kulichukua jambo hili kwa uzito. Habari nyingi za nchi yetu za miaka ya utawala wa Wajerumani ziliandikwa kwa lugha yao, na vijana wetu wanaosoma historia huzipokea kwa tafsiri, na pengine kwa tafsiri ya tafsiri. Tutunge mfano. Tukiandika *Wissmann ließ Buschiri hängen*, tumesema jambo la kweli: Hermann Wissmann aliamuru Abushiri anyongwe, naye akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Mwanafunzi aliyejua "lassen, kuacha" peke yake angeandika kwamba Wissmann alimwacha Abushiri akining'inia, na katika mazungumzo ya kila siku ya Wajerumani maneno hayo hayo, *hängen lassen*, humaanisha kumtupa rafiki wakati wa shida. Hapa, hata hivyo, habari yenyewe humlinda mfasiri, kwa maana hapana mtu anayeshindwa kuelewa kitanzi.

Tena katika mfano huu twapenda kulisifu neno *lassen* kwa jambo moja. Sisi twapenda mno kusema "Abushiri alinyongwa," tukaishia hapo. Kijerumani nacho kina njia hiyo ya kutendwa, *wurde gehängt*. Njia hiyo humficha mwenye amri na mwenye mikono wote wawili. *Lassen* humficha aliyeshika kamba, lakini jina la mwenye amri hulitia mbele ya sentensi mahali pa kwanza, ambapo kila mtu huliona.

Sasa tuchukue sentensi nyingine tuliyoitunga sisi, iliyo ngumu zaidi: *Er ließ die Dörfer niederbrennen.* Kitenzi *niederbrennen* chaweza kuwa kuteketeza, na chaweza kuwa kuteketea. Kwa hiyo sentensi hii yaweza kusema, "Aliamuru vijiji viteketezwe," na yaweza pia kusema, "Aliviacha vijiji viteketee." Na *Er ließ sie verhungern* ni nzito kupita hiyo, kwa kuwa *verhungern* ni kufa kwa njaa, na mtu hafi kwa njaa kwa amri ya siku moja. Je, aliwaua kwa njaa, au aliwaacha wafe kwa njaa? Twajua yaliyotendeka katika vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwaka 1905 katika vilima vya Umatumbi, wakati gavana alipokuwa Gustav Adolf von Götzen. Vijiji vilichomwa, akiba za chakula na mimea ya mashambani zikaharibiwa kwa kusudi la kuwashinda watu kwa njaa. Na kati ya waliokufa, ambao makadirio ya wanahistoria yamefika hata 300,000, wengi sana waliuawa na njaa hiyo. Mfasiri anayekutana na *lassen* katika habari za miaka ile, naye akaandika "aliacha" kwa sababu ndivyo daftari lake lilivyomfundisha, amewapunguzia watu hatia bila kukusudia. Naye anayeandika "aliamuru" kila mahali, kwa hasira tu, aweza kumtwika mtu amri ambayo hakuitoa. Hana budi kusoma ukurasa uliotangulia na ukurasa unaofuata. Kazi hiyo huchosha, tena malipo ya mfasiri huhesabiwa kwa kurasa alizomaliza, wala si kwa kurasa alizorudia.

Turudi kwenye cheti chetu. Ili kukielewa tunahitaji bado kujua jinsi *lassen* linavyofanya katika wakati timilifu, maana hapo ndipo lina tabia yake ya pekee. Likiwa peke yake hufanya kama vitenzi vingine: *Ich habe das Buch zu Hause gelassen*, "Kitabu nimekiacha nyumbani." Likiwa na kitenzi kingine pamoja nalo, huvua ile *ge-* yake na kusimama kama kwamba halijatendeka bado: *Ich habe ihn gehen lassen*, wala si *gehen gelassen*. Wanafunzi huandika *gelassen* hapo kila mwaka, na walimu huweka wino mwekundu kila mwaka. Zipo semi chache, kama *liegen lassen* na *hängen lassen*, ambazo Wajerumani wenyewe hukubali namna zote mbili, lakini kwa jumla umbo hili lamfaa sana msomaji. Akikuta *gelassen* pasipo kitenzi kingine, ni kitu kilichoachwa. Akikuta vitenzi viwili bila *ge-*, ni mtu aliyeruhusiwa au aliyefanyishwa.

Basi *habe gehen lassen*: "nimemwacha aende" au "nimemfanya aende." Karani alichagua la pili, tena akalitia nguvu hata likawa "nikamfukuza." Twadhani tumeijua njia aliyoipitia. Katika miaka ile makarani walizoea Kiingereza, na Kijerumani walikiendea kwa kamusi za Kiingereza. *Gehen lassen* kwa Kiingereza ni *let go*, na Waingereza wana desturi ya adabu ambayo, mtu akifukuzwa kazi, husemwa kwamba *he was let go*, ili aibu isionekane. Karani alikuta maneno hayo, akaona adabu, akaifunua aibu aliyodhani imefichwa chini yake. Akili ilikuwa kali, lakini aliitumia kwa lugha isiyokuwamo katika karatasi. Mjerumani anayemwondoa mtu kazini ana neno lake rasmi, *entlassen*, ambalo huandikwa katika vyeti bila kuona haya.

Hilo *entlassen* ni mmoja wa watoto wa *lassen*, nao ni wengi na hawafanani na mzazi wao. *Verlassen* ni kumwacha mtu na kwenda zako, lakini *sich verlassen auf* mtu ni kumtegemea kabisa. Herufi chache tu zatenganisha usaliti na uaminifu. *Erlassen* ni kutoa sheria, na pia ni kumsamehe mtu deni. *Hinterlassen* ni kuwaachia wengine urithi. *Gelassen* lenyewe, likitumika kama sifa, ni mtu mtulivu asiyebabaika, na maana hiyo ina mizizi katika mafundisho ya Meister Eckhart, mhubiri wa karne ya 13 na ya 14, aliyewafundisha watu kujiacha wenyewe. Nao *sich gehen lassen* ni kujiachilia ovyo, kutooga wala kufunga vifungo. Kama cheti kingekuwa na *sich*, mzee wetu angekuwa na aibu ya namna nyingine. Lakini kina *ihn*, "yeye," na tulilitazama neno hilo kwa kioo cha kukuza ili tusiwe na shaka.

Limebaki neno moja, nalo ndilo linaloamua kesi. Ni *ungern*. *Gern* ni kwa kupenda, kwa moyo, *un-* hukanusha, *ungern* ni pasipo kupenda, kwa moyo mzito. Karani alijua kwamba humo mna habari ya kutopenda. Hakujiuliza nani hakupenda nini. Alilitoa neno mahali pake, akaliweka kwa mpishi: "Sikupendezwa naye." Katika Kijerumani *ungern* limeshikamana na tendo linalolifuata. Bwana yule hakupenda *gehen lassen*. Hakupenda kumwacha aende. Ni nani amfukuzaye mpishi asiyempenda, kisha akaandika kwamba amefanya hivyo kwa moyo mzito? Neno *ungern* hapa latulazimisha tulielewe *lassen* kwa maana ya kuruhusu. Mpishi ndiye aliyetaka kuondoka, na bwana alikubali akisikitika. Kwa Kiswahili chetu twaona yafaa kuandikwa hivi: "Nimemruhusu aende, ijapokuwa sikupenda kuachana naye."

Mwalimu mwenzetu mmoja, aliyesoma maneno haya kabla hatujayapeleka, alituambia kwamba huenda bwana yule aliandika hivyo kwa adabu tu, kama waandikavyo mabwana katika vyeti. Yawezekana. Hatukuwapo mwaka 1912, wala karatasi haionyeshi sura ya mtu aliyeiandika. Lakini kazi ya mfasiri ni kufasiri maneno yaliyomo. Bwana akiwa ameandika kwa adabu, na tafsiri iseme kwa adabu, kisha kila msomaji apime mwenyewe kama adabu ile ni ya kweli. Karani alipima kwa niaba ya watu wote, kwa miaka sabini, pasipo kuwaambia kwamba amepima.

Tulimweleza mzee mambo haya yote, ila majedwali. Alisikiliza kimya. Kisha akauliza swali moja ambalo lilituonyesha kwamba amelishika neno *lassen* kuliko wanafunzi wetu wengi: "Kwa hiyo babu aliomba ruhusa?" Tukamjibu kwamba cheti hakisemi kuwa aliomba, chasema tu kwamba aliruhusiwa, na kwamba aliyeruhusu hakufurahi.

Akatuomba tumwandikie tafsiri mpya. Tuliiandika kwa wino, tukaiweka na maneno ya Kijerumani juu yake, mstari kwa mstari, ili atakayekuja baadaye, naye akajua lugha ile kuliko sisi, aweze kutusahihisha. Mzee aliitia katika kikasha pamoja na zile mbili. Tulimshauri aitoe ile ya karani aichome. Alikataa. Alisema kwamba wale wa nyumba kubwa hawataamini mpaka wazione zote tatu mezani, na kwamba angewaita siku ya Jumapili baada ya ibada, nasi tuwepo tukiwa na kamusi.

Tulikwenda. Mmoja wao, mwenye maneno makali kuliko wote, aliishika tafsiri yetu muda mrefu, kisha akatuuliza kama *ungern* hutamkwa kwa kukaza mwanzo au mwisho. Tukamwambia hukazwa mwanzo. Akalitamka mara mbili, akairudisha karatasi kwa mwenyewe kwa mikono miwili.